Ngazi ya Kushukia

Mwaka 1921 Ludwig Wittgenstein, mwanafalsafa wa Austria, alichapisha kitabu chembamba ambacho mwishoni hujigeuka chenyewe. Baada ya hoja nyingi zilizopangwa kwa namba, mwandishi anamwambia msomaji kwamba yeyote aliyemwelewa atayaona maneno yote hayo kuwa hayana maana. Atakuwa ameyatumia kama ngazi, na akishapanda hadi juu itambidi aitupe. Mfano huo hakuubuni yeye. Sextus Empiricus, tabibu na mwanafalsafa wa Kigiriki aliyemtangulia kwa zaidi ya miaka 1,600, aliutumia kueleza kwamba hoja moja inaweza kuziangusha hoja zote na yenyewe ikaanguka pamoja nazo, kama vile mtu anavyoipiga teke ngazi aliyopandia. Tangu hapo picha hii imetoka nje ya falsafa na kuingia katika mazungumzo ya dini. Sala, kanuni, vitabu na walimu, husema wenye mwelekeo huo, ni vidato vya kumfikisha mja kwa Mola wake; akishafika, vidato ni vya nini tena? Swali ni zito, na waliolijibu kwa kuitupa ngazi si watu wapuuzi. Hata hivyo nadhani wamekosea, na kosa lao linaanzia mahali ambapo hawakupatazama: kwenye ngazi yenyewe.

Anayeazima chombo cha fundi sharti akiazime pamoja na masharti yake. Ukisema elimu ni mashua, basi ukubali kwamba mashua huvuja. Ukisema ni ngazi, kubali kila jambo ambalo ngazi inalo. Na kama tunatafuta ngazi iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya mtu anayetafuta maarifa, ipo, tena ina historia. Maktaba za Ulaya za zama za kati hazikuihitaji. Vitabu vilikuwa vichache na ghali, vikifungwa kwa minyororo kwenye meza za kusomea, na msomaji alivifuata akiwa amesimama au ameketi. Uchapaji ulipoenea kuanzia katikati ya karne ya 15, vitabu vikajaa, rafu zikapanda ukutani, na mkono wa binadamu ukashindwa kufika. Katika Chuo cha Trinity mjini Dublin ukumbi mkuu wa maktaba, uliojengwa kati ya 1712 na 1732, una urefu wa karibu mita 65, na ngazi za mbao zimeegemezwa humo kwenye rafu ndefu kuliko kimo cha mtu. Kuanzia 1801 chuo hicho kilipewa haki ya kupokea nakala ya kila kitabu kinachochapishwa Uingereza na Ireland. Mwaka 1860 ikabidi paa liinuliwe ili rafu ziongezwe juu ya rafu. Hiyo ndiyo hali iliyoizaa ngazi ya maktaba: maarifa yaliyozidi urefu wa mtu.

Fundi anayeitengeneza kwa mkono huanza na kuchagua mbao, na hapo hana huruma. Miti miwili ya kando ndiyo itakayobeba uzito wote, basi nyuzi zake zinatakiwa ziende moja kwa moja toka chini hadi juu. Mbao yenye fundo katikati, hata ikipendeza vipi machoni, huwekwa kando, maana penye fundo ndipo hukatikia. Ulaya wamezoea mwaloni. Fundi wa kwetu angechukua mninga, ambao hukauka bila kujipinda sana, au mvule. Na iwe imekauka kweli, kwa kuwa kidato kilichofungwa kikiwa kibichi hunywea baadaye na kuanza kucheza ndani ya tundu lake. Kisha inakuja hesabu ya mwinamo. Ngazi ya kuegemeza hukaa vizuri ikiinuka kwa takriban digrii 75 kutoka sakafuni: kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wake husogea mita 1 kutoka ukutani. Vidato vyake si vijiti vya mviringo kama vya ngazi ya mpaka rangi. Ni vibao bapa, kwa sababu msomaji husimama juu yake kwa muda akitafuta jina kwenye migongo ya vitabu. Ili vibao hivyo vilale sawa na sakafu wakati ngazi imeegama, mifereji inayochimbwa kwa patasi katika miti ya kando haiwezi kukatwa kwa pembe mraba. Hukatwa kwa mshazari wa digrii 15. Matokeo yake, ngazi nzuri ikisimamishwa wima karakanani huonekana imekosewa, vidato vyote vimeinama upande mmoja, na mpita njia aweza kudhani fundi alikuwa amelewa. Iegemeze kwenye reli ya rafu: kila kidato kinatulia kama maji ndani ya bakuli.

Ndimi za vidato hupenya hadi upande wa pili wa mti wa kando, zikapasuliwa kidogo na kupigiwa kabari. Gundi ni msaidizi tu. Miti ya kando hutanuka kuelekea chini, ngazi ikiwa nyembamba juu na pana chini. Pembe za mbele za vidato hupigwa randa na msasa mpaka zisikate unyayo. Na kuna sharti moja ambalo fundi akilivunja kazi yote imeharibika: nafasi kati ya kidato na kidato, kwa kawaida sentimita 25 hadi 30, iwe ileile kuanzia sakafuni hadi juu kabisa. Kwa nini ukali huu? Jaribu kufikiri ni nani anayehitaji usawa huo. Anayepanda ana macho mbele yake, kila kidato anakiona kabla hajakikanyaga, na kikiwa juu kidogo kuliko mwenzake atainua mguu zaidi. Tena mikono yake yote miwili ni mitupu. Anayeshuka hana hata kimoja kati ya hivyo. Uso umeelekea rafu, mkono mmoja umeshika kitabu, mguu unapapasa nyuma na chini ukitafuta kidato kisichoonekana, ukitegemea kumbukumbu tu kwamba kinachofuata kiko mbali sawa na kilichopita. Usawa wa nafasi, upana wa chini, ubapa wa vidato, wororo wa pembe: karibu kila kinachomtoa fundi jasho katika ngazi hii ni huduma kwa mguu usioona. Kwa kupanda tu, gogo lenye vipande vilivyochongwa kando lingetosha. Kilichotengenezwa kwa uangalifu wote huu ni kifaa cha kushukia.

Wanamaktaba waliujua ukweli huo kwa gharama. Friedrich Adolf Ebert, mmoja wa walioweka misingi ya ukutubi nchini Ujerumani, alifariki Dresden mwezi Novemba 1834, siku chache baada ya kuanguka kutoka kwenye ngazi ya maktaba yake. Waswahili hawakungoja kifo cha Ebert ili walijue hilo. Mpanda ngazi hushuka, wasemavyo wazee, na methali hiyo kwa kawaida hutumiwa kumwonya mwenye cheo asijione. Nyingine, ya vijana, haina upole: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Zote mbili huchukuliwa kuwa onyo, kana kwamba kushuka ni hasara inayomngoja kila aliyepanda. Mbele ya ngazi ya maktaba maana hiyo inageuka. Hapa kushuka ndiko kulikomfanya mtu apande. Aliyepanda akabaki juu hajapata kitabu bado, amekigusa tu. Kitabu kinapatikana kinapofika mezani, penye taa na karatasi, ambapo kinaweza kusomwa kwa utulivu, kubishiwa, kuazimwa na mtu mwingine. Na huyo mtu mwingine ndiye sababu ya pili ya kutoitupa ngazi: iko katika chumba cha watu wengi, wala si mali ya aliyetangulia kupanda.

Dai langu, basi, ni kwamba maarifa ambayo mwenye nayo hawezi kushuka nayo kwa njia ileile aliyopandia, akiwa ameyashika mkononi, bado hayajawa maarifa. Na kwamba ibada ambayo mwisho wake ni kuziacha ibada imeshika nusu ya safari ikaiita safari nzima. Angalia picha za ngazi ambazo dini zenyewe zimetuachia. Katika sura ya 28 ya kitabu cha Mwanzo, Yakobo analala njiani na jiwe kichwani, anaota ngazi iliyosimama ardhini na ncha yake kufika mbinguni. Malaika wanapanda na kushuka. Rashi, mfasiri wa Kiyahudi wa karne ya 11 nchini Ufaransa, alishangaa kwamba kupanda kumetajwa kwanza, kana kwamba malaika walikuwa tayari huku chini pamoja na msafiri. Yakobo mwenyewe hapandi hata kidato kimoja. Anaamka pale pale alipolala, anapapa mahali hapo jina, anaweka nadhiri ya kutoa fungu la kumi. Mtu aliyeona ngazi ya mbinguni anaamka akihesabu zaka: huo si upungufu wa ndoto, ndio tafsiri yake.

Upande wa Uislamu ushahidi una nguvu zaidi, kwa sababu neno miraji lenyewe, huko Uarabuni lilikotoka, hubeba maana ya chombo cha kupandia, yaani ngazi. Wanaokesha usiku wa 27 Rajabu kote pwani hawasimulii kupanda peke yake. Kisa kinafika kileleni na hakiishii hapo. Mtume anarudi, na anarudi na kitu, nacho ni swala tano, ibada ya kila siku kwa kila mtu, mwanachuoni na mchuuzi. Wakati wa kuzungumzia Kitabu chenyewe, Kiswahili cha Waislamu kina kitenzi kilichozoeleka: Kitabu kiliteremshwa. Hakuna anayesema watu walipanda kukifuata wakabaki nacho huko. Hapa lakini kuna pingamizi kubwa, nalo limetoka ndani ya nyumba hiyohiyo. Muhammad Iqbal, mshairi na mwanafalsafa wa Bara Hindi, katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1930, anamtaja walii mmoja wa Kisufi, Abdul Quddus wa Gangoh, aliyeapa kwamba lau yeye angefika alikofika Mtume, asingerudi kamwe. Kauli hiyo si ya mtu mwenye imani haba. Ni ya mtu aliyeonja, na anauliza swali la haki: aliyeona jua arudi kwenye mshumaa kwa sababu gani? Iqbal anajibu kwamba hapo ndipo ilipo tofauti ya walii na nabii. Wa kwanza hataki kurudi kutoka kwenye utulivu wa umoja, wa pili anarudi kuingia ndani ya historia na kuigeuza. Ningeongeza kwamba hata walii anayesema asingerudi, amelisema hilo kwa wanafunzi wake, kwa lugha yao, huku chini. Al-Ghazali aliuacha ualimu wa Baghdad mwaka 1095, akaenda kwenye upweke na safari kwa zaidi ya miaka kumi, na mwaka 1106 akarudi darasani, safari hii Nishapur. Hakurudi kwa kuwa alishindwa kufika.

Kuna wanaojibu kwa mfano mwingine, ule wa chelezo. Buddha aliwauliza wanafunzi wake kuhusu mtu aliyefunga miti na nyasi akavuka mto, kisha, kwa shukrani, akakibeba chelezo kichwani nchi kavu. Ni upumbavu, na mafundisho nayo, alisema, ni ya kuvukia wala si ya kung'ang'ania. Nakubali neno kwa neno. Wapo watu wanaotembea na ngazi mgongoni, wakimgonga kila wanayepishana naye, wakidhani kuimiliki ni sawa na kupanda. Misikiti na makanisa yanawajua. Ila kutoibeba ngazi ni jambo moja, kuivunja ni jingine. Chelezo kilichoachwa ukingoni kinamngoja anayefuata. Na mapokeo ya Kibuddha yenyewe yanasema kwamba Buddha baada ya kuamka kwake alisita kama afundishe au anyamaze, kisha akafundisha kwa miaka ipatayo 45, akitembea kijiji hadi kijiji. Mtu aliyevuka akakesha miaka 45 akivusha wengine hakukichoma chelezo chake.

Pingamizi linalonisumbua kuliko hayo ni la kijamii. Je, kusema msomi ashuke si kumpandisha kwanza? Si majivuno tu yaliyovaa kanzu ya unyenyekevu, ya mtu anayejiona yuko juu akawahurumia walio chini? Lugha yetu imelikoroga jambo hili kwa kuita madarasa ya sekondari vidato. Kidato cha kwanza, cha pili, hadi cha sita kwa Tanzania. Mtoto anahesabiwa kwa umbali alionao kutoka ardhini, na mzazi anaposema mwanangu amefika mbali, mara nyingi maana yake ni kwamba hatarudi. Tena ngazi ya shule huwapunguza wapandaji kila kidato, jambo ambalo hakuna fundi angelikubali. Lakini maktaba inalijibu pingamizi hili kwa namna ambayo haikutarajiwa. Vitabu vinavyotakiwa kila siku huwekwa usawa wa mkono. Vya rafu ya juu ni vile vinavyoulizwa mara chache. Urefu wa rafu si cheo, ni umbali tu, na anayepanda hajawa bora kuliko aliyekaa mezani. Amekwenda kuleta kitu. Mchoraji Carl Spitzweg wa Ujerumani aliliona jambo hili kwa kicheko kwenye picha yake ya mzee mpenda vitabu ya miaka ya 1850 hivi. Mzee amesimama kileleni mwa ngazi ya maktaba, kitabu kimoja mkononi, cha pili katika mkono mwingine, cha tatu kwapani, cha nne katikati ya magoti. Rafu iliyo mbele yake imeandikwa metafizikia. Sakafu haionekani. Anasoma palepale juu, na ukimtazama vizuri unaona hana mkono hata mmoja uliobaki wa kushukia.

Kinyume cha mzee huyo tunacho karibu. Julius Nyerere aliutwaa mchezo wa Shakespeare kuhusu kifo cha Kaisari akautafsiri kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1963 akiwa rais. Mwaka 1969 ukafuata Mabepari wa Venisi. Yeye huyohuyo aliwafananisha waliosomeshwa kwa fedha za umma na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa chakula chote kilichobaki ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula zaidi. Asiporudi, ni msaliti. Wanaomkosoa Nyerere kwa mambo mengine wana hoja zao, lakini kwa hili maneno na matendo yake yalilingana. Alipanda hadi rafu ya Shakespeare, na kitabu kikafika mezani kwa aliyesoma Kiswahili tu.

Atasema mtu: yote haya ni mchezo wa picha. Seremala hawezi kumkosoa mwanafalsafa; Wittgenstein alikuwa akizungumzia sentensi, si mbao. Kweli, mfano hauthibitishi kitu. Lakini yeye ndiye aliyeuchagua, na uliwabeba wengi mahali ambapo hoja peke yake isingewabeba. Basi ni halali kuuliza kama umepigiwa kabari au umepakwa gundi tu. Tena mwenyewe aliushuku. Katika daftari lake la mwaka 1930 aliandika, kwa maana, kwamba kama mahali anapotaka kufika panafikika kwa ngazi tu, basi hana haja napo, kwani anapopaswa kufika kweli ni hapo alipo tayari. Wengine huisoma kauli hiyo kama kuikana ngazi kabisa. Mimi naisoma kama maneno ya mtu ambaye miguu yake imegusa tena sakafu.

Maisha yake yanaunga mkono usomaji huo. Kabla kitabu hakijatoka alikwisha kuondoka Vienna akaenda kufundisha shule za msingi katika vijiji vya milimani, kuanzia 1920. Kushuka huko hakukuwa salama: alikuwa mwalimu mkali kupita kiasi, na aliacha kazi mwezi Aprili 1926 baada ya kumpiga mwanafunzi hadi mtoto akazimia. Mwaka 1929 alirudi Cambridge, na alipotakiwa kuwasilisha tasnifu ya shahada ya udaktari aliwasilisha kitabu kilekile cha 1921, ngazi ileile aliyosema itupwe. Akiwa hai alichapisha vitabu viwili tu. Cha pili, cha mwaka 1926, ni kamusi ya tahajia kwa watoto wa shule za msingi.